Namna ya Kuandika Historia ya Mwaka Mmoja wa Vitabu Wakati wa Vita: Mfano wa Uingereza, 1942

Anayetaka kusimulia maisha ya fasihi katika mwaka wa vita huvutwa kwanza na watu: nani aliandika nini, nani alichukuliwa jeshini, nani hakurudi. Mvuto huo hauna kosa, lakini ukiufuata mapema mno utajikuta unaandika tanzia badala ya historia. Njia ninayoipendekeza hapa huanza na karatasi, hupita katika kitabu chenyewe kama kitu cha kushikwa mkononi, na mwishowe ndipo humfikia mwandishi. Mfano nitakaoutumia ni Uingereza ya mwaka 1942, kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi na kwa sababu mwaka huo una fundisho ambalo mtu anaweza kulichukua akalipeleka kwenye vita nyingine, zikiwemo zile zilizotugusa sisi wenyewe.

Kuchagua mwaka

Usichague mwaka kwa sababu una moto mwingi. Wengi hukimbilia 1940, mwaka ambao London ilishambuliwa usiku hadi usiku, nao wakasahau kwamba wachapishaji wa wakati huo walikuwa bado wanatumia karatasi waliyoiweka ghalani kabla ya vita, na vitabu vilivyotoka vilikuwa vimeagizwa katika siku za amani. Vita huchelewa kufika kwenye kitabu. Mwaka 1942 unafaa zaidi kwa sababu kufikia hapo akiba ilikuwa imekwisha, sheria zilikuwa zimekaa sawa, na mwandishi aliyeanza muswada baada ya Septemba 1939 alikuwa amepata muda wa kuumaliza.

Hata hivyo, anza kusoma miaka miwili nyuma. Wajerumani walipoivamia Norway mwezi Aprili 1940, Uingereza ilipoteza njia ya kupata rojo la mbao, ambalo ndilo malighafi ya karatasi, kutoka nchi za kaskazini mwa Ulaya, na ndani ya miezi michache ugavi wa nyasi za esparto, zilizotumika pia kutengenezea karatasi, kutoka Afrika Kaskazini nao ukavurugika. Viwanda viligeukia mabua ya ngano na karatasi chakavu. Mwaka huo huo wa 1940 Waziri wa Fedha, Kingsley Wood, alipendekeza kodi ya manunuzi ambayo ingevigusa vitabu, na wachapishaji wakiongozwa na Geoffrey Faber walipigana nayo mpaka vitabu vikaondolewa kwenye orodha. Ukiyajua hayo mawili, utauelewa mwaka 1942 vizuri kuliko mtu aliyeanza kuusoma Januari.

Fuata karatasi kabla ya kufuata waandishi

Mgawo wa karatasi, yaani kiasi ambacho serikali ilimruhusu kila mchapishaji kukipata wakati wa vita, ulikokotolewa kwa kuangalia alichokitumia katika miezi kumi na miwili iliyoishia Agosti 1939. Mwanzoni alipewa asilimia 60 ya kiasi hicho. Kufikia mwaka 1942 alipewa asilimia 37.5 tu. Andika tarakimu hizo mbili juu ya ukurasa wako wa kwanza na uzirudie kila unapotaka kueleza kwa nini kitabu fulani hakikutoka, kwa sababu mara nyingi hakukuwa na njama wala chuki, bali karatasi iliyokwisha.

Zingatia pia namna kanuni hiyo ilivyowagawa watu. Penguin, ambao walikuwa wameuza vitabu vya bei ndogo kwa wingi katika mwaka ule wa kulinganishia, waliingia vitani na fungu kubwa kuliko ambavyo ukubwa wa kampuni yao ungemfanya mtu atarajie, na vitabu vyao vyembamba vilitumia karatasi kidogo kwa kila nakala. Kampuni iliyokuwa imepata mwaka mbaya kabla ya vita ilifungiwa ndani ya ubaya huo kwa muda wote wa vita. Kwa hiyo unapokuta jina la Penguin kila mahali katika mwaka 1942, usiseme haraka kwamba walikuwa na jicho kali kuliko wengine. Jicho walikuwa nalo, lakini walikuwa pia na karatasi.

Kisha uliza karatasi iliyobaki ilikwenda wapi. Katika safu yake kwenye gazeti la Tribune mwaka 1944, mwandishi George Orwell aliweka hesabu hiyo wazi: magazeti yalipewa takriban tani 250,000, idara ya serikali ya uchapaji tani 100,000, na vitabu vyote vya nchi tani 22,000, huku Wizara ya Vita peke yake ikitumia tani nyingi kuliko biashara nzima ya vitabu. Ilikuwepo akiba maalumu, iliyosimamiwa na kamati ya Walter Moberly, kwa ajili ya vitabu vilivyoonekana kuwa vya lazima kwa taifa. Ukimkuta mchapishaji akimwandikia mwandishi kwamba anajaribu kupata karatasi ya Moberly, basi hilo ndilo analolisema.

Matokeo ya haya yote ni jambo ambalo mwanafunzi wa fasihi hulisahau. Idadi ya vitabu vilivyotolewa ilishuka kutoka karibu 15,000 mwaka 1939 hadi chini ya 7,000 mwaka 1943, na wakati huo huo hamu ya kusoma ikapanda, kwa maana usiku ulikuwa wa giza, taa za mitaani zilizimwa, na askari kambini walikuwa na saa nyingi za kusubiri. Karibu kila kilichochapwa kilinunuliwa. Usitumie basi idadi ya nakala zilizouzwa kama kipimo cha kupendwa kwa kitabu cha mwaka 1942. Kipimo hicho kilivunjika. Kilicho cha maana zaidi ni kujua mchapishaji alichagua nini kati ya kumchapa tena mwandishi wa zamani na kumpa nafasi mgeni, kwa sababu karatasi iliyotumika kwa mmoja haikuweza kutumika kwa mwingine.

Kishike kitabu chenyewe

Kama una njia ya kupata nakala halisi ya wakati huo, hata ile ya bei rahisi kutoka kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu, ipate. Nakala iliyopigwa picha kwenye intaneti itakupa maneno, lakini itakunyima nusu ya ushahidi.

Fungua ukurasa ulio nyuma ya ukurasa wa jina. Kuanzia tarehe 1 Januari 1942, wachapishaji waliokuwa wamekubaliana na Wizara ya Ugavi walitakiwa kufuata viwango vya kubana matumizi: herufi ndogo, kingo nyembamba, mistari mingi katika kila ukurasa, karatasi nyepesi, jalada jembamba. Vitabu vingi vya namna hiyo vina alama ndogo ya simba aliyelala juu ya kitabu kilichofunguliwa, pamoja na maneno yanayosema kwamba kitabu kimetengenezwa kwa kiwango cha uchumi wa vita. Simba huyo ni mwenzako wa safari. Akiwepo, unajua kwamba kurasa unazozishika zingekuwa nyingi zaidi katika siku za amani, na kwamba urefu wa kurasa hauwezi kulinganishwa na kitabu cha mwaka 1938. Asipokuwepo, usikate shauri upesi, kwani si kila mchapishaji alikuwemo katika makubaliano na si kila aliyekuwemo aliichapa alama.

Ipapase karatasi. Ile yenye rangi ya kijivu au hudhurungi, yenye vijiti vidogo vya mabua vinavyoonekana kwa macho, inakueleza hali ya kiwanda kuliko barua kumi za mhariri. Angalia kama maneno ya upande wa pili yanaonekana kupitia ukurasa. Katika vitabu vya Penguin tafuta tangazo linalomwomba msomaji akishamaliza kusoma akiache kitabu katika ofisi ya posta ili kipelekwe kwa wanajeshi. Tangazo hilo linaeleza pia kwa nini nakala nyingi za mwaka huo ni adimu leo: zilisomwa na watu kumi, zikachakaa, zikaisha, au ziliingia katika michango ya karatasi chakavu zikarudi kuwa rojo.

Kosa nililolifanya mimi nilipoanza kazi ya namna hii lilikuwa kuamini mwaka uliochapwa kwenye kitabu. Kila kitabu cha vita kina angalau tarehe mbili, ya kuandikwa na ya kutoka, na pengo kati yake ndilo lenye habari. Tengeneza daftari lenye safu mbili za tarehe kwa kila kitabu, na usiandike aya hata moja kabla safu zote mbili hazijajaa kwa vitabu unavyotaka kuvizungumzia.

Pengo maarufu kuliko yote ni lile la Orwell. Hadithi yake ya wanyama walioasi shambani aliianza mwishoni mwa 1943 na kuimaliza Februari 1944. Mchapishaji Victor Gollancz aliikataa. Mwenzake Jonathan Cape aliitaka, kisha akarudi nyuma baada ya kushauriwa na ofisa wa Wizara ya Habari. Mshairi T. S. Eliot, akiwa mkurugenzi katika kampuni ya uchapishaji ya Faber, aliikataa kwa barua ya Julai 1944. Mchapishaji Fredric Warburg aliikubali, lakini karatasi ikamchelewesha, na kitabu kilitoka tarehe 17 Agosti 1945, siku mbili baada ya Japani kutangaza kusalimu amri, kikiwa na nakala 4,500 tu. Anayesoma tarehe ya kutoka peke yake hudhani ni kitabu cha amani. Msomaji wa Kiswahili alikipata mwaka 1967 kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, na kwa hiyo kwetu pengo lina urefu wa zaidi ya miaka ishirini.

Hesabu kilichoungua

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 mabomu ya moto yaliteketeza mtaa wa Paternoster Row, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, mahali ambapo wachapishaji na wauzaji wa jumla walikuwa wamekaa kwa vizazi vingi. Mamilioni ya vitabu yaliungua, pamoja na ghala la Simpkin Marshall, kampuni ya jumla ambayo maduka ya nchi nzima yaliitegemea. Longmans walipoteza karibu akiba yao yote. Unapoona basi kwamba mwaka 1942 duka la mji mdogo halina kitabu cha kawaida cha shule, usilaumu mgawo peke yake. Kitabu kiliungua, na karatasi ya kukichapa tena haikuwepo.

Moto huo huo unakugusa wewe mtafiti. Maktaba ya magazeti ya Colindale ilipigwa bomu Oktoba 1940, majalada kama 6,000 yakapotea na mengine 15,000 yakaharibika. Jumba la British Museum lilipigwa Mei 1941, na vitabu takriban 250,000 vikateketea. Kwa sababu hiyo, kitu kisichoonekana katika orodha ya maktaba si lazima kiwe hakikuwahi kuwepo. Kabla ya kuandika kwamba jarida fulani halikumtaja mwandishi fulani, hakikisha matoleo yote ya jarida hilo yamesalia.

Mahali pazuri pa kuziba mapengo ni nyaraka za wachapishaji wenyewe. Chuo Kikuu cha Reading kinatunza mafaili ya kampuni nyingi za Uingereza, na humo utakuta barua za kukataa, hesabu za karatasi, na malalamiko ya waandishi ambao vitabu vyao viliisha madukani visichapwe tena. Chuo Kikuu cha Sussex kinahifadhi nyaraka za Mass Observation, ambao waliwauliza watu wa kawaida walisoma nini na kwa nini. Kwa asiyeweza kusafiri, chukua matoleo ya mwaka mzima ya Times Literary Supplement, jarida la uhakiki wa vitabu, na usome matangazo yake ya biashara kabla ya kusoma uhakiki. Mhakiki hukuambia kitabu kilikuwaje. Tangazo hukuambia kama kilipatikana.

Majarida, na moja lisilo na karatasi

Katika mwaka wa vita fasihi huhamia kwenye maumbo mafupi. Askari huandika shairi kati ya zamu na zamu, na mhariri mwenye karatasi chache huona shairi la mistari 20 kuwa zawadi. Serikali ilikuwa imezuia kuanzishwa kwa majarida mapya mwaka 1940, hivyo lililokuwa limewahi kuzaliwa kabla ya marufuku lilikuwa na bahati: Horizon ya Cyril Connolly ilitoa toleo lake la kwanza Januari 1940. Wengine walizunguka sheria kwa kutoa mikusanyo yenye sura ya kitabu, ingawa kila msomaji alijua ni jarida. Penguin New Writing ya John Lehmann ilitumia karatasi ya Penguin na kuwafikia wasomaji wengi sana kwa peni sita.

Unaposoma majarida haya, usianze na majina makubwa. Eliot alitoa shairi lake la Little Gidding mwaka 1942, nalo litamjia kila mwandishi wa historia bila kutafutwa. Watafute Alun Lewis na Sidney Keyes, vijana wawili waliotoa vitabu vyao vya kwanza vya mashairi mwaka huo huo. Keyes aliuawa Tunisia mwezi Aprili 1943, na Lewis alifariki Burma Machi 1944. Kama utawataja, epuka kuusoma mwaka 1942 kwa macho ya anayejua mwisho wao. Wao hawakuujua, na wahakiki wa wakati huo waliwapima kama washairi wanaoanza.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Voice. Orwell, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya BBC iliyotangaza kwa India, alianzisha mwezi Agosti 1942 jarida la mashairi lililosomwa redioni, akiwaalika waandishi studioni wayasome na kuyajadili, miongoni mwao William Empson, Mulk Raj Anand na Eliot mwenyewe. Jarida halikuhitaji hata karatasi moja ya mgawo. Linatukumbusha sisi, watu wa mashairi ya kusikilizwa, kwamba katika mwaka wa vita si haki kuhesabu fasihi kwa vilivyochapwa tu. Ongeza safu ya tatu katika daftari lako kwa yaliyosikika.

Kuhusu udhibiti, sema kwa uangalifu. Wachapishaji wa vitabu wa Uingereza hawakulazimishwa kupeleka kila muswada serikalini. Waliupeleka kwa hiari pale walipohofia kutoa siri ya kijeshi. Shinikizo lilipita kwa njia za upole zaidi, kama ushauri wa rafiki aliye wizarani, na ndiyo sababu halionekani katika sheria bali katika barua.

Weka jiji la pili kando ya la kwanza

Aya chache kuhusu Paris ya mwaka huo huo, iliyokuwa chini ya Wajerumani, zitakusaidia kuona London ilivyokuwa huru pamoja na njaa yake ya karatasi. Huko Jean Bruller na Pierre de Lescure walianzisha kwa siri kampuni ya uchapishaji ya Éditions de Minuit, na kitabu chao cha kwanza, kilichobeba tarehe ya Februari 1942, kilikuwa cha Bruller mwenyewe chini ya jina la Vercors. Kilichapwa kurasa nane kwa wakati mmoja na mchapaji mdogo ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa matangazo ya vifo, kwa nakala mia tatu na kitu, na kurasa zikashonwa kwa mkono na marafiki. Katika kitabu cha namna hiyo jina ni la kujificha, na tarehe ya kwenye ukurasa haikwambii ni lini msomaji wa kwanza alikishika. Daftari la safu tatu halitoshi. Ongeza safu ya nne kwa nani alijua nini wakati huo.

Ukitaka kufanya hivyo kwa Kiswahili

Njia hii inafanya kazi kwetu, lakini lazima ugeuze mpangilio, kwa sababu Afrika ya Mashariki ya mwaka 1942 haikuwa na biashara ya vitabu vya Kiswahili yenye wachapishaji wengi wa kushindania karatasi. Gazeti ndilo lililokuwa kitabu. Mambo Leo lilikuwa likitoka Tanganyika tangu 1923, na Baraza lilianza Nairobi mwaka 1939. Anza na kurasa za mashairi ya wasomaji, kisha barua, kisha habari za askari, maana mwaka 1942 wanajeshi wa Afrika ya Mashariki walikuwa wametoka Ethiopia na wengine wakapelekwa Madagascar, kabla ya Burma.

Hapo ndipo safu mbili za tarehe zitakapokulipa. Shaaban Robert alitunga utenzi mrefu kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, nao ukachapwa kama kitabu mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufariki kwake. Historia inayopanga vitabu kwa mwaka wa kuchapwa ingemweka mtunzi huyo katika zama za Azimio la Arusha na kuuacha mwaka wa vita mtupu. Iandike kwa safu zote mbili, na pale tarehe ya kutungwa isipothibitika kwa mwaka, itaje kwa muda mrefu zaidi, kwa mfano kati ya kuanza kwa vita na kwisha kwake, badala ya kubahatisha.

Kuipanga kazi yenyewe

Usipange sura zako kwa miezi. Mpangilio wa Januari hadi Desemba hupendeza katika kichwa cha kazi, lakini kitabu hakiishi ndani ya mwezi, na utalazimika kurudi nyuma kila aya. Panga kwa vitu: sura ya karatasi, sura ya ghala lililoungua, sura ya jarida, sura ya redio, na ndani ya kila moja wacha watu waingie na kutoka. Sura ya karatasi ipe nafasi kubwa kuliko zote bila kuomba radhi. Sura ya zawadi na sherehe za waandishi, kama utaiandika, iwe fupi.

Ukishamaliza, chukua orodha ya vitabu ambavyo miswada yake ilikuwa mezani kwa mchapishaji mwisho wa Desemba 1942 lakini havikuwa vimetoka, na uiweke mwishoni mwa kazi yako, jina la kitabu upande mmoja na mwaka kilipotoka upande wa pili. Vile ambavyo havikutoka kamwe, acha nafasi ya mwaka wazi.